Siku Baba Yako Alipoweka Bunduki Chini

Chumba cha mbele, nyumbani kwenu,
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Popo wangu,

U hali gani, mwanangu? Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuacha, au bado mnaishi pamoja? Mkeo hajambo? Mimi mzima, ukiondoa magoti, na magoti yenyewe tumeshazoeana. Baba yako naye mzima. Naandika hivyo mapema kabla hujaanza kujifanya kwamba hukutaka kujua.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu unausoma huku unatembea, na haya nataka uyasome umekaa.

Kwanza nikuchekeshe. Lile gemu lako tunalo. Jirani yetu fundi friji aliona jina lako mwishoni mwa ile sehemu mpya mliyoiongeza, akaja mbio kana kwamba umeshinda uchaguzi. Akaifunga mashine yake kwenye televisheni yetu, akanishikisha kile kidude chenye vitufe, akaniambia, "Shangazi, ukiona kitu kinatembea, piga." Popo, mimi muuguzi mstaafu. Miaka yote ya kazi nimekuwa nikiona kitu kinatembea nafurahi.

Fundi alinieleza kwamba gemu la kwanza lilikuwa mahandaki, mazimwi na risasi, basi. Hii sehemu mpya ndiyo yenye hadithi, na hadithi umeitunga wewe: askari anarudi mji aliozaliwa, umeme umekatika, watu wamegeuka mazimwi, naye anaitafuta nyumba ya baba yake gizani. Nikacheka weee, mpaka nilipofika kwenye hiyo nyumba. Ni hii hii ninayokuandikia ndani yake. Hata kile kipande cha bati ulichoziba nacho dirisha la jikoni umekiweka.

Kaka yangu, huyo baba yako, alikuwa amekaa pembeni na gazeti lake, amejitia hamnazo, ila ukurasa ulikuwa haugeuki. Baadaye akashindwa kuvumilia. Kila nilipotoka chumba kimoja aliniamuru nifunge mlango. Nikisimama kidogo, "Zima tochi, betri haziokotwi." Unamjua. Basi tukaupita mji mzima wa mazimwi tukifunga milango na kuzima taa, na fundi akashika kichwa. Kumbe mazimwi yako yanafuata mwanga, na yeye aliliwa mara nyingi mahali ambapo sisi tulipita kama wenye nyumba. Kaka alimtazama kwa dharau ambayo sijaiona tangu arusi yangu.

Halafu tukafika kwenye karakana ya useremala, na hapo kicheko kikaisha.

Humo kuna lile jitu, limekupa mgongo. Linapiga randa ubao mrefu, ncha moja iko mezani, nyingine inaning'inia na kurukaruka. Maranda yamelijaa kichwani na mabegani. Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo ndiye baba wa askari, ila si mtu tena, na hapo kila mchezaji hupiga risasi, jitu linaanguka, mlango wa nyuma unafunguka na hadithi inakwisha. Mimi kidole kilikataa. Sote watatu tuliona lile jitu linavyoinamisha kichwa upande wa kushoto kila likisukuma randa, vilevile kama kaka.

Najua hamjasemezana tangu siku uliyokataa kuirithi karakana, naye akakuambia ukitoka mlango ule usirudi. Sijawahi kuchukua upande. Wewe ni mwanangu, yeye ni kaka yangu, na vichwa vyenu vigumu sawasawa. Lakini pale sebuleni niliogopa kwelikweli. Nilidhani sasa ameona mwanawe amemtungia kifo, atainuka, ataenda chumbani kwake, na habari yenu itakuwa imeishia hapo.

Akaweka gazeti chini. Akasema, "Nipe."

Mikono yake siku hizi inatetemeka, Popo. Hajashika msumeno tangu mwaka jana. Alinikataza kukuandikia hilo, na leo nimekataa kukatazwa. Fundi akamwonyesha kitufe cha kupigia risasi. Kaka akamuuliza, "Cha kuweka bunduki chini ni kipi?" Fundi akasema kipo, ila hicho hakuna anayekitumia.

Baba yako alikitumia. Akamsogeza askari polepole, akimgonganisha na kila stuli, mpaka kwenye ile ncha ya ubao inayoning'inia. "Mahali pake ni hapa," akasema. Hapo ndipo ulipokuwa unasimama toka siku ulipoanza kuifikia meza, wewe unashika na yeye anasukuma. Akabonyeza kitufe kingine, mikono ya askari ikaushika ubao, na ubao ukatulia.

Jitu halikugeuka. Liliendelea na kazi, kisha likasema, kwa sauti yako wewe uliyoikaza iwe nzito, "Umerudi? Shika vizuri."

Fundi aliruka kwenye kiti. Amelimaliza gemu hilo sijui mara ngapi, na hakujua kama lile jitu husema. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe bila risasi hata moja. Fundi akamwambia kaka kwamba ameshinda, sasa anaweza kutoka. Kaka akamjibu, "Ngoja kwanza tumalize ubao."

Tukakaa tukitazama maranda yakianguka. Kaka alilia. Nimeliandika neno lenyewe kwa sababu nyinyi wawili mkiachiwa mtasema ni vumbi. Mimi nilimshika bega na nikalia naye, na nilikupenda sana dakika ile, mtoto mjinga wewe, uliyeona ni rahisi kujenga mji mzima wa mazimwi kuliko kuinua simu.

Haya, salamu. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza lini atamwona mkeo ana kwa ana. Fundi friji anakusalimu kwa heshima zote. Tangu siku ile ananiita kamanda. Nisalimie mkeo, mwambie asikubembeleze, kikohozi hicho umekizoesha mwenyewe.

Baba yako nilimuuliza kama nimwandikie salamu zake humu. Alisema hapana. Salamu zake atakupa kwa mdomo wake, ila kuna jambo moja anataka kulijua kwanza: wewe mwenyewe ukicheza, ukifika pale karakana, unapiga au unashika?

Nikamwambia mimi sijui. Akaniambia basi nikuulize. Nimekuuliza, lakini jibu usinipe mimi, mpe yeye.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri na ukaidi mdogo kuliko ulionao.

Wako akupendaye, asiyejua kulenga shabaha,

Shangazi yako.