Solo Niliyompa Edina

Kaloleni, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Kifua chako kinasemaje baada ya mvua hizi? Na bati la jikoni, Kaka Zefania amelipigilia au bado anasema kesho? Mimi mwili mzima, lakini moyo hauna raha. Nakuomba ukae kitako kabla Zefania hajakusomea mbele.

Maisha yangu hapa unayajua. Jumamosi napiga akodiani dansini, Jumapili naongoza kwaya, na siku za katikati natengeneza santuri kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini: natafuta waimbaji, napanga ala, naamua nani asogelee maikrofoni. Ulizoea kuniambia mtaka yote hukosa yote, nami nikicheka.

Miezi mitatu iliyopita nilirekodi wimbo wa mwanamke mmoja wa kwaya yetu. Simtaji, maana barua hufunguliwa siku hizi. Wimbo ulisema juu ya seng'enge ambayo Serikali imezungushia mitaa ya wenzetu kwa tuhuma za uasi. Nilijua maneno yana miiba, lakini sauti ile ilinishinda. Santuri ikapigwa mikahawani hadi Serikali ikaipiga marufuku, na wiki jana nikaitwa kituoni. Mtu alikuwa amewaambia sauti inatoka kwaya yetu. Kwamba mimi ndiye niliyerekodi hawakujua, Mhindi alikuwa hajanitaja. Inspekta aliipiga mara nne, akaniuliza ni sauti ya nani. Nikasema siijui. Mimi, ninayesikia besi mmoja akikosea kati ya watu arobaini. Akasema basi, Jumapili atakuja kanisani kusikiliza mwenyewe.

Niliogopa. Mwenye sauti nikamrudisha nyuma kwa wanawake wa alto, sauti ya pili, nikamwambia afungue kinywa tu, asitoe kitu. Solo nikampa mdogo wangu Edina. Niliona ndiye salama kuliko wote, kwani hajakanyaga chumba cha kurekodia hata siku moja. Asiye na hatia ataogopa nini?

Nilisahau kazi yangu mwenyewe. Waimbaji wangu hawasomi noti. Huwafundisha wamfuate mmoja wao, pumzi kwa pumzi, mpaka sauti zote ziwe kama zimetoka koo moja, na hilo ndilo nililokuwa nikijisifia mbele za watu. Mwaka mzima Edina amekuwa akimfuata yule mwanamke. Jana alipoanza ubeti wa pili, nilisikia santuri ile ndani ya kanisa. Inspekta naye akaisikia.

Wamemchukua, Mama. Walimkamata mlangoni na joho la kwaya mwilini. Akanigeukia akasema, "Kaka, waambie si mimi."

Sikusema. Mwenye sauti alikuwa nyuma yangu, naye ana watoto wadogo wawili. Lakini nisijifiche kwa watoto wa mwenzangu. Niliogopa kwa ajili yangu. Niliangalia viatu vyangu mpaka gari lao likaondoka.

Tangu jana sijala. Watu husema ukishapelekwa kwenye kambi za kizuizini hakuna wa kukuuliza mara ya pili. Kwa hiyo leo nakwenda kuwaambia kwamba santuri niliitengeneza mimi, na Edina hakuwepo. Wakiniuliza tena sauti ni ya nani, sijui kama nitaweza kunyamaza, kwani nasikia wana njia zao.

Nisalimie shangazi Loisi mpiga kinanda, aliyenifundisha, na shemeji anayekaribia kujifungua. Tiketi ya Edina ya garimoshi nimemwachia mke wa jirani. Akifika, mpe chakula kwanza, maneno baadaye. Akinichukia, usimkataze.

Barua hii naitia posta kwanza, ndipo niende kituoni. Ikibaki mfukoni mwangu, najijua, nitarudi nayo nyumbani.

Mwanao,
Benyamini