Jiwe la Mheshimiwa Lilikuwa Baridi

Kaka yangu msomi,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu mama alinilea vizuri, na uipokee taratibu maana ndiyo tamu pekee iliyomo humu. Ulinihukumu mbele ya ukoo mzima kwenye lile kundi la simu, na mimi nakujibu mbele ya ukoo mzima.

Unakumbuka siku ulipomleta? Uliingia chumbani kwetu Makole umekumbatia tangi la kioo kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Ukasema mwenzako wa ofisini amehama, amekuachia mjusi wa ndevu, jamii ya huko Australia. Nikauliza kama analiwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mjusi naye akavimbisha ndevu, akatikisa kichwa juu chini, juu chini, kukubali jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Watu wa Dodoma sisi, wabunge tunawaona kila siku, tukamjua hapohapo. Tukamwita Mheshimiwa.

Ulinifundisha, sikatai. Ulisema mjusi hana moto wake mwilini kama sisi, anauazima kwa jua, na asipopata jiwe la moto la kulalia, chakula kinamwozea tumboni. Jiwe lifike digrii arobaini, na upande wa pili wa tangi uwe na ubaridi wa kukimbilia. Ulikuwa na ile bunduki ya kupimia joto, kama zile tulizokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Unalenga jiwe, inalia, unasoma: "Thelathini na nane. Shusha taa kidogo." Nalegeza fundo la waya, nashusha. "Arobaini na tatu. Utamkaanga, pandisha." Napandisha. Ilikuwa Novemba, bati juu yetu linachemka. Fundo tulilikaza pale ilipogonga arobaini kamili. Kisha ukagandisha kwenye kioo, kule juu karibu na taa, kisaa cha joto chenye kipande cha kijani. Ukasema mshale ukiwa kwenye kijani nisiguse kitu.

Chakula kilikuwa kazi yangu, na hapo hunifikii. Nikitokea tu kwenye nyasi za Msalato, panzi walikuwa wanaagana.

Machi ukaenda masomoni Mwanza, na bunduki yako ukaenda nayo. Juni ikaja na upepo wake, ule unaopasua midomo na kupita chini ya mlango bila hodi. Mheshimiwa akakataa panzi. Ndevu zikawa nyeusi, akawa analala tu. Nikaweka mgongo wa mkono juu ya jiwe, kama mama anavyofanya kule Kongwa akianika mlenda juu ya mwamba, na hajawahi kukosea. Jiwe lilikuwa la baridi, kaka. Lilikuwa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Nikakupigia. Nikakueleza yote, nikakuomba nishushe taa upana wa kiganja tu. Ukauliza mshale uko wapi. Nikasema uko kwenye kijani. Nilisikia wenzako wakiongea nyuma yako, na wewe ukapandisha sauti ili na wao wafaidi.

"Mkono wako siyo kipimo. Hata kidato cha pili hukumaliza. Usiguse taa."

Nikajibu, sawa kaka.

Mimi niliyezoea kukubishia hata rangi ya maziwa, siku hiyo nikawa mtoto mtiifu. Taa ilikuwa mbele ya pua yangu, fundo moja tu. Siku nne nililitazama lile fundo, na kila asubuhi mshale ulikuwa kwenye kijani chake, umetulia. Siku ya tano, mchana, nikamkuta Mheshimiwa juu ya jiwe lake, macho wazi, hatikisi kichwa kukubali chochote.

Wewe ukaandika kwenye kundi kwamba nimemuua kwa uzembe, kwamba hata mjusi nimeshindwa kulea. Shangazi akaweka vicheko vitatu. Nikaenda kwa jirani anayefuga vifaranga, akaniazima bunduki yake. Taa ileile, fundo lilelile. Kisaa kilisema thelathini na sita. Jiwe likasema ishirini na tano. Kisaa chako kilikuwa kinapima joto la taa iliyo karibu yake, na Mheshimiwa hakuwa analala kwenye taa.

Picha ya namba zote mbili ninayo kwenye simu. Nilijua siku nitakayokushinda nitazunguka Makole nzima nikitangaza. Nimekushinda, na sijatoka nje. Tangi lipo hapa mbele yangu, nimeliosha mara mbili bila sababu.

Mama anasema Desemba unarudi na kwamba tupatane. Nitakuja stendi, begi lako nitabeba. Lakini usitegemee nikuombe msamaha wa uzembe. Sikuzembea. Wewe hukujua, ulidanganywa na kisaa. Mimi nilijua. Niliushika ubaridi ule kwa mkono wangu, nikaiacha taa pale ulipotaka, ili mjusi wako akuonyeshe kwamba umekosea. Nilitaka ukosee kuliko nilivyotaka apone. Kama hilo ndilo ungeliandika kwenye kundi, ningenyamaza.

Baki na afya njema huko.

Ni mimi, mdogo wako na muuaji mwenzako.