Mashua Imepona

Baba Emma,

Posho iko kwenye sufuria, maharage nimeyafunika kwa sahani. Kuku waliobaki wafungie jikoni. Sisi tunapanda basi la Mbale, tunakwenda kwa mama yangu, kule Namatala.

Redio inasema dhoruba itarudi ziwani jioni, kwa hiyo najua uko ufukweni, unaongeza kamba na nanga. Sikukatazi. Ile mashua ya tanga ndiyo inatulisha. Lakini asubuhi upepo ulipoanza, wewe ulivua turubai lililoziba paa letu ukaenda kuifunika yenyewe. Nikakuita, "Romano, mabati yanang'oka!" Ukajibu ukiwa tayari njiani, "Nakuja, acha nishushe tanga kwanza!"

Mabati yakaruka. Nikawalalia watoto chini ya kitanda, maji yanatuingia masikioni. Ukarudi umelowa, unacheka, ukasema, "Mungu mkubwa, imepona!"

Imepona. Hukuuliza kama na sisi tumepona.

Blanketi kavu ni moja tu, liko kwa jirani, Gorreti. Au kalale ndani ya mashua, yenyewe ina turubai.

~~Jumamosi uje utuchukue.~~ Ukimaliza kuezeka, uje.

Emma aliniuliza baba alikimbilia wapi. Nikamwambia ulikwenda kuita watu waje kutuokoa. Ameamini. Ukifika Mbale, usimwambie vingine.

Mama Emma