Dakika Nne za Mwisho za Kuni Mbichi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka saa mbili. Wateja watatu mpaka mchana, wote na flash za kujaziwa sinema, wote wanataka magari yanayolipuka. Siku hizi kila mtu ana intaneti. Kuuza sinema mtaa huu wa Section 58 ni kama kuwa kinyozi kwenye mji wa vipara.

Nikajiwekea ile filamu ya Kuni Mbichi tena. Mwanamke anapuliza moto, kuni zimelowa, moshi unamwingia machoni, na kamera haiondoki hadi zishike. Dakika mbili nzima! Mwenye pesa nyingi asingethubutu. Waigizaji watatu wanavaa koti lilelile kwa zamu na sijali. Natamani kumjua aliyeitengeneza. Hata jina lake sijui.

Jumatano, 5 Machi

Fundi viatu wa mlango wa pili ameingia kuchaji simu, akatazama skrini. "Hiyo si mill ya mbao ya Elburgon? Na huyo mathe namjua. Bwanake ndiye hushoot video za mazishi huko. Baba Chebet." Miaka yote hii natamani, na jibu linashona viatu hapo kando.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma hapa. Jina lake lilikuwa mwishoni mwa filamu. Enzi za diski tulibana filamu mbili kwenye diski moja, na majina ya mwisho tuliyakata. Nani aliyasoma? Nilikata dakika nne bila hata kuzitazama, nikaweka jina la duka langu juu, na nambari ya simu. Diski ya kwanza, aliyoniletea mteja, ilikwaruzika, nikaitupa.

Jumamosi naenda Elburgon.

Jumamosi, 8 Machi

Baridi. Harufu ya mbao. Nimemkuta kwenye mazishi, juu ya ngazi, kamera begani. Amevaa lile koti la kwenye filamu. Moyo ulinienda mbio kama wa msichana. Nimengoja hadi mashada yakawekwa, hata chakula cha waombolezaji nikala.

Nilipomtajia Kuni Mbichi alishika ngazi kwa mikono miwili. "Wewe uliiona wapi?"

Yeye hana nakala. Kanda zilikuwa adimu, akarekodi harusi za watu juu yake. Yule mwanamke wa moto ni mkewe, Tabitha. Alifariki mwaka juzi. Baba Chebet ana video za mazishi ya nusu ya Molo, lakini ya Tabitha akiwa hai hana hata moja. "Unayo yote, madam? Hadi mwisho, pale anacheka?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Mimi ni mwongo, tena niliyemdanganya mfiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimezunguka maduka ya sinema yaliyobaki mjini. Nimepiga simu Njoro. Wauzaji wawili wanayo. Nakala zote zina jina la duka langu, zote zinakatika palepale, Tabitha anapofungua mlango. Walinakili kwangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimelia mbele ya muuza simu nisiyemjua.

Jioni Baba Chebet amepiga. Anakuja Jumapili baada ya ibada kuitazama. Sikuweza kumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Alikuja amevaa tai shingoni. Nilimwambia mlangoni, kabla hajakaa, maana nilijua akikaa nitashindwa. Sehemu ya mwisho nimeikata mimi. Haipo popote.

Nilitaka anitukane. Akasema, "Haya. Weka ile iko."

Tumetazama pamoja. Kwenye moto aliinama mbele hadi pua ikakaribia skrini. Alinionyesha soksi iliyofunika maikrofoni, inaonekana kidogo pembeni, sikuwahi kuiona. Mlango ukafunguka, skrini ikawa nyeusi.

Hakunyamaza. Aliendelea kuisimulia, macho palepale kwenye skrini. Tabitha anatoka na sufuria. Anaita watoto waje kula. Ng'ombe wa jirani anapita kati yake na kamera, haikupangwa, anacheka, anafunika mdomo kwa kanga. "Nikamwambia turudie. Akakataa. Akasema hiyo iko sawa."

Nilimpa chai, ikapoa. Sikuizima ile skrini mpaka aliposimama mwenyewe.