Mkia wa Fahali Majini

Mmbone, mjukuu wangu mkaidi,

Huku Shinyalu mahindi yamebeba na nyanya yako hajambo, ila tangu asikie utaogelea ziwani, uendeshe baiskeli nusu siku, halafu ukimbie mpaka jioni, anauliza ni nani huko Ulaya amekunyima nauli.

Unasema maji yanakutia hofu, na unauliza kama mimi niliwahi kuogopa. Mimi kuogelea sijui hata leo. Nikiwa kijana tulimpeleka fahali wetu kupigana ng'ambo ya Isiukhu, na mto ulikuwa umefurika. Nikashika mkia wake anivushe, mjinga mimi. Katikati nikasikia kitu kinatetemeka, nikadhani ni mkono wangu. Kumbe ni mkia. Yule shujaa aliyeimbiwa na kijiji kizima alikuwa anaogopa kunishinda, lakini miguu yake haikuacha kupiga maji. Ng'ambo watu wakapiga ngoma za isukuti wakimsifu.

Kwa hivyo tetemeka tu, bora miguu isisimame.

Jumapili ya mashindano yako kanisani siendi, nitakaa na simu. Ukitoka majini, kabla hujapanda baiskeli, nipigie. Wenzako wakikupita, wacha wapite.

Kuka wako