Pointi Mia Tisa na Mkungu Mmoja

Izigo. Jumatano, wiki ya kwanza ya Desemba.

Mvua imeanza kabla jogoo hajawika, na mpaka sasa, saa tisa alasiri, haijakata. Kahawa niliyoanika juzi nimeifunika turubai. Senene wamepungua. Na mimi nina wivu.

Nimeandika. Sifuti.

Wanaonisoma wananijua. Niliishia darasa la nne, lakini naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, siandikiwi na mtu. Binti yangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Aliniambia, "Tata, hayo unayotuambia kutwa yaandike, na sisi masikio yapumzike." Nikaandika, na sasa nasomwa mpaka Karagwe. Kijijini hapa mimi ndiye wa kwanza kuezeka bati nyumba nzima mpaka jikoni. Kahawa yangu haijawahi kurudishwa na chama hata mara moja. Mkungu wa kwenye kibanja changu unabebwa na wanaume wawili. Hayo nimeshayaandika mara nyingi, sina haja ya kuyarudia.

Anayenipa wivu anaitwa Ishengoma. Ni mkwe mwenzangu: binti yake ameolewa na mwanangu Mutalemwa. Anakaa Bukoba mjini, Miembeni, ana duka la vifaa vya ujenzi. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana mtu mbaya unamchukia na unalala usingizi.

Mwaka huu Ishengoma amenunua pointi.

Nami sikujua pointi ni nini mpaka zilipoingia nyumbani kwangu. Ni hivi. Kuna kampuni ina hoteli zake, moja hapa ziwani Bukoba, nyingine Mwanza, nyingine Unguja. Unalipa mara moja, unapewa pointi, halafu kila mwaka unatoa ada kidogo na pointi zinajaa upya kama tangi la maji ya mvua. Ukitaka kupumzika unalala hotelini, pointi zinakatwa. Ishengoma ana pointi mia mbili. Mia mbili!

Mwezi uliopita Mutalemwa alinipigia simu kutoka Mwanza. "Tata, Krismasi hii tutakuwa na baba mkwe, pale hotelini kwao Bukoba. Watoto wanataka kuogelea."

Wajukuu watatu. Yule mkubwa ana jina langu.

Yaani jina langu litaogelea kwa Ishengoma.

Nilisema sawa, nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Halafu nikaenda kusimama kwenye miti yangu ya mikaratusi kule bondeni, nikaanza kuihesabu. Nikaamua. Nitaiuza yote, nitanunua pointi nyingi kuliko zake, na Krismasi ijayo wajukuu watalala kwenye pointi zangu. Wao, baba yao, mama yao, hata Ishengoma mwenyewe akitaka nitamkaribisha. Hasa yeye. Nilishaona atakavyoniamkia pale mlangoni.

Jumatatu nikamwambia mke wangu, Mama Muta, "Kesho vaa vizuri. Tunakwenda Bukoba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kununua mapumziko."

Akanitazama. "Kuchoka kwako kulianza lini?"

Basi jana tukaenda. Kampuni ilikuwa imekodi ukumbi kwa wiki nzima, wanaondoka Ijumaa. Meza zina vitambaa vyeupe, chai, sambusa. Walikuwepo walimu wastaafu, wafanyabiashara, mchungaji mmoja na mkewe. Nilikaa meza ya mbele, kwa sababu mimi sikai nyuma.

Aliyetueleza ni binti mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole, ana kompyuta ndogo. Alisema chumba kimoja kinalaza watu wawili. Usiku mmoja wa siku za kawaida ni pointi kumi. Wiki ya Krismasi ni ishirini, kwa sababu kila mtu anaitaka. Halafu akasema neno ambalo halijanitoka. "Wazee wangu, msinunue kwa kumtazama jirani. Hesabuni watu wenu, hesabuni na siku zenu."

Nikadhani ananisema mimi. Lakini alikuwa hanijui.

Akaja mezani kwetu. "Shikamoo babu, shikamoo bibi. Familia yenu ni ya watu wangapi?"

"Mikungu mitatu," nikamjibu.

Akatabasamu, akangoja. Nikaona hajanielewa, nikamfundisha. Nilimwambia, "Mwanangu, marehemu baba yangu alitukataza kuhesabu watoto kama mbuzi. Kwangu tunahesabu ndizi. Siku ya Krismasi mke wangu anamenya mikungu mitatu. Na mkungu wangu mmoja si wa kuchezea, ni watu kumi."

"Kwa hiyo watu thelathini?"

"Wewe ndiye umesema. Mimi sijahesabu mtu."

Akacheka, akabonyeza kompyuta yake. Watu thelathini, vyumba kumi na tano. Siku tatu za Krismasi, pointi ishirini kila usiku. "Babu, ni pointi mia tisa."

Mia tisa. Sikiliza hiyo namba. Meza ya mchungaji wakageuka. Mwalimu mmoja akashusha kikombe. Nilikaa wima kama siku ya kipaimara. Zile mia mbili za Ishengoma niliziona ndogo, kama punje za mtama.

"Andika mia tisa," nikasema, na sikusema polepole.

Mikaratusi isingetosha, najua. Hata kahawa ya miaka kadhaa isingetosha. Lakini pale ukumbini sikuwa nafikiria kutosha. Nilikuwa namfikiria Ishengoma akipata habari.

Ndipo Mama Muta akafungua mdomo, yeye ambaye tangu tufike alikuwa hajasema ila asante kwa chai.

"Mwanangu, subiri kwanza. Hiyo mitatu ilikuwa zamani. Krismasi iliyopita nilimenya mkungu mmoja. Tena mdogo. Tuliula siku tatu."

Binti akaweka kalamu chini.

Ni kweli. Tulikuwa mimi, yeye, na jirani yetu mjane aliyekuja kuomba chumvi tukamwambia akae ale.

"Basi mama," binti akasema taratibu, wala hakunitazama mimi, "mnahitaji za watu wawili. Mkienda siku za kawaida, mkalala siku tatu kwa mwaka, ni pointi thelathini."

Thelathini! Mkwe wangu mia mbili, mimi thelathini. Nyuma yangu mtu alikohoa. Inawezekana lilikuwa vumbi. Mimi nilisikia kicheko.

Mama Muta akauliza, "Huko hotelini, nani anamenya?"

"Hakuna wa kumenya, mama. Unakaa, chakula kinaletwa."

"Na vyombo?"

"Wanakuja kuviondoa."

"Na mimi nafanya nini?"

"Chochote unachotaka, mama."

Mke wangu akatazama vidole vyake. Vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu wa ndizi, ule usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Miaka yote ya ndoa yetu nimeviona, lakini jana ndiyo mara ya kwanza nilimwona na yeye akivitazama. Halafu akamwambia binti, "Andika hizo thelathini."

Nikasimama. Nikachukua kofia. Nikasema hatuandiki kitu leo, tunarudi nyumbani, tumeacha kahawa juani.

Mvua ilikuwa inanyesha.

Tukarudi Izigo. Alifika, akavua gauni la kutokea, akachukua kisu, akaenda kumenya.

Sasa niandike yale ambayo sijapata kuyaandika hapa.

Nyumba yangu ina vyumba vinne. Nimejisifia sana vyumba hivyo, wasomaji wa zamani mnakumbuka. Kimoja tunalala. Cha pili kina magunia ya kahawa. Cha tatu kina mabati na saruji, nilinunua wakati bei iko chini. Cha nne kina kitanda kikubwa cha mninga na godoro ambalo nailoni yake haijatolewa. Kile ni cha mgeni wa heshima. Nilikiweka kwa ajili ya askofu, siku atakapopita. Nimekifunga, ufunguo nakaa nao.

Askofu hajapita.

Krismasi ya mwaka juzi Mutalemwa alikuja na mkewe na watoto. Yule mdogo alikuwa bado ananyonya. Wakalala sebuleni, kwenye mkeka. Mama Muta aliniomba ufunguo mara mbili. Nilimwambia nailoni itachanika. Asubuhi mkwe wangu, mke wa Mutalemwa, alipiga magoti akaniamkia kwa heshima zote, mtoto mgongoni, wala hakulalamika. Nikasema moyoni, huyu binti amelelewa.

Hawajalala tena kwangu tangu siku ile. Kila nikiulizwa nasema ni kazi, vijana wa siku hizi wana kazi nyingi. Kumbe binti aliyelelewa vizuri halalamiki. Anaenda tu kwao.

La pili ni baya zaidi. Wiki mbili zilizopita Ishengoma alinitumia ujumbe wa sauti. Naujua kwa moyo. "Waitu mkwe, habari za huko. Krismasi tumewawekea chumba wewe na mama, siku mbili. Wajukuu wanawauliza kila siku. Usije na kitu, njooni tu wenyewe."

Nimeusikiliza mara nyingi, asubuhi na jioni, nikitafuta mahali alipojivuna. Sijapaona. Hata hizo pointi zake hakuzitaja. Mimi ningezitaja!

Nikaficha. Sikumwambia mke wangu. Niliona afadhali amenye mkungu wake mmoja hapa nyumbani kuliko kulala kwenye kitanda kilicholipwa na Ishengoma. Niliona afadhali nisiwaone wajukuu kuliko kuwaona kwa hisani yake. Na lile neno "usije na kitu" lilinichoma kama siafu. Mwanaume wa Izigo aende kwa wakwe mikono mitupu? Ananiona sina?

Hivyo ndivyo nilivyo. Nilidhani wivu ni kwa ajili ya pointi. Mtu hawezi kuwa na wivu wa pointi. Nina wivu kwa sababu watoto wanamwuliza yeye, "Babu anakuja lini?", na mwenye kuwajibu ni yeye.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimfuata jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za jioni. Nikakaa kwenye gogo, nikabonyeza simu nikaiweka kati yetu. Sauti ya Ishengoma ikajaa jikoni. Waitu mkwe, habari za huko.

Kisu hakikusimama. Alimenya ndizi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ujumbe ukaisha.

"Nilikuwa naujua," akasema.

"Umeambiwa na nani?"

"Mutalemwa. Siku ileile. Nikasema ngoja nimwone huyu mzee, ataniambia au hataniambia."

"Na nisingekuambia?"

Akatumbukiza ndizi kwenye maji. "Ningekwenda peke yangu, Baba Muta. Gauni nilishashonesha."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini alinisukumia bakuli la akamwani, nikachukua punje mbili za kahawa nikatafuna. Kwetu mtu uliyemkasirikia moja kwa moja humpi akamwani. Kwa hiyo bado kuna nafasi.

Nimekaa na simu hii tangu wakati huo. Nimeamua mambo, na nikishaamua sirudi nyuma, mnanijua.

Ijumaa narudi Bukoba. Pointi zetu ni thelathini. Siku tatu kwa mwaka Mama Muta hatashika kisu, na kama kuna mtu atacheka, acheke. Lakini nitafika jioni, wakati wale walimu wameshaondoka. Sina sababu ya kusikia tena mtu akikohoa. Mikaratusi nitauza michache, mingine ibaki.

Ufunguo wa chumba cha nne nimeutundika kwenye msumari wa sebuleni, mahali hata mtoto anaufikia. Sijamwambia mtu. Wataona wenyewe, wakija.

Kesho asubuhi nampigia Ishengoma. Nitamwambia tunakuja. Neno asante nimelijaribu hapa peke yangu, linatoka, ingawa kwa shida. Najua atarudia yale yale, usije na kitu, mkwe, njooni tu.

Atarudia bure. Nyuma ya nyumba kuna mkungu mmoja nimeuegemeza kwa miti miwili tangu Oktoba, nilikuwa nautunza sijui kwa ajili ya nani. Ndio huo. Wa kuumenya watajua wenyewe hukohuko, mradi asiwe mke wangu. Mia mbili zake anazo, na mkungu kama huu hana.

Ila nina swali moja, na mvua hii hainijibu. Mlango wa hiyo hoteli una upana gani?