Peni Yenye Harufu ya Tumbaku

Ipswich, 14 Septemba 2018

Kwa Dada Enid,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta na afya. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena. Tangu nistaafu karakana ya mabasi nimenunua mashine ya kugundua metali, nami natafuta sarafu za kale. Katika chama chetu cha wenye mashine hizi mtu hatii koleo kwenye shamba bila idhini ya mwenyewe. Naomba idhini ya shamba lako la juu. Najua sijafika huko tangu tumzike shemeji Clement.

Mdogo wako,
Wilf


Shambani, 18 Septemba

Mdogo wangu Wilf,

Barua nimeipata. Mimi mzima, kuku wazima, paa linavuja palepale.

Miaka minne hujafika, na sasa unakuja kwa ajili ya vyuma. Haya, karibu. Fukia kila shimo, funga lango, na usiondoke bila kunywa chai. Ukiokota pete yangu, ni yangu. Ukiokota meno ya bandia ya Clement, ni yako.

Dada yako,
Enid


Ipswich, 8 Oktoba

Dada,

Nilifika salama. Ahsante kwa chai na keki ya tangawizi.

Jana kutwa nimechimbua maganda ya risasi za kuwindia, vipete vya makopo ya bia na nati moja ya trekta. Shamba lako halina kitu, dada. Mwenzangu wa chama, Jago, amepata idhini upande wa Stowmarket, kwenye shamba lililowahi kutoa fedha ya Warumi. Jumapili zijazo huenda nikawa huko. Usinipikie.

Mdogo wako,
Wilf


Shambani, 11 Oktoba

Wilf,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo. Keki iliyobaki wamekula kuku.

Umekata tamaa upesi, kama ulivyokuwa ukiacha uji. Jaribu kando ya ua wa miiba, karibu na lango. Baba yake Clement alisema vibarua walikuwa wakikaa pale kula chakula cha mchana. Watu wakikaa, mifuko humwaga. Jaribu Jumapili chache tu, kisha nenda kwa Warumi wako.

Dada yako,
Enid


Ipswich, 5 Novemba

Dada Enid,

Hujambo? Mimi leo sina goti wala mgongo, nina furaha.

Kando ya ua wa miiba, karibu na lango! Jumapili ya kwanza nilipata peni ya shaba ya 1797, nene, nzito kama saa ya mfukoni. Jana nimepata sumuni ya fedha ya Malkia Victoria. Zote zilikuwa kina cha kiganja. Jago aliniita mwongo mpaka nilipomtolea mezani. Stowmarket itangoja. Nitakuja kila Jumapili mpaka ardhi igande.

Mdogo wako,
Wilf


Diss, 20 Februari 2019

Wilf,

Sijambo, kwa kadiri ya mtu aliyeanguka kwenye ngazi ya stoo akavunja nyonga. Kutoka hospitali nimeletwa nyumba ya wazee, na wameniambia wazi kuwa sitarudi shambani. Kuku amewachukua jirani, Garrod, na mashamba ameyakodi. Nimemwambia idhini yako ibaki.

Chumba changu ni cha chini, kina dirisha. Wageni wanaruhusiwa siku zote. Bibi ninayekaa naye mezani ananiita Doris. Nimeacha kumsahihisha.

Dada yako,
Enid


Ipswich, 4 Machi

Dada,

Pole sana. Habari ya nyonga imenishtua. Ningekuja wiki hii, ila gari liko gereji.

Jana nilipata shilingi kando ya ua, ya Mfalme Edward. Nitakuletea uione.

Mdogo wako,
Wilf


Ipswich, 27 Mei

Dada Enid,

Samahani kwa kimya. Natumaini unatembea kidogo. Goti langu limekuwa adui, ndiyo maana sijafika.

Jana, palepale kando ya ua, nilipata sarafu ya nusu krauni ya Mfalme George wa Tano. Nimeiosha kwa maji matupu, kama inavyopasa. Nikija nitakuletea.

Mdogo wako,
Wilf


Diss, 31 Mei

Wilf,

Mimi mzima. Goti lako, naona, linaweza kuchimba lakini haliwezi kupanda basi.

Garrod alipita Jumanne kuniletea mayai. Alipanda shayiri mwezi Machi, mpaka ukingoni mwa ua, na sasa iko magotini. Nimekuwa mke wa mkulima tangu hujaota ndevu. Hakuna mwenye shamba anayekubali mtu akanyage shayiri iliyosimama, na hakuna mtu wa chama chako ambaye angethubutu. Sasa niambie, jana hiyo ulichimba wapi?

Unanifukia sarafu kwenye barua. Sizitaki.

Dada yako,
Enid


Ipswich, 10 Juni

Dada,

Umenishika. Tangu Novemba sijaokota kitu.

Lakini tuseme kweli sote wawili. Shaba iliyolala karne mbili katika udongo wenu wa mbolea hutoka ya kijani, imeliwa. Peni ile ya 1797 ilitoka laini, ikinuka tumbaku ya Clement. Kopo lake nalikumbuka, na sarafu za babu yake ndani. Nilijua siku ileile ni nani aliyeifukia. Nikaendelea kuja.

Hapo ulipo siwezi. Mama alipokuwa katika nyumba kama hiyo nilikuwa nakaa kwenye kiti, nikiangalia saa, sijui mikono niiweke wapi. Shambani nilikuwa na koleo, na ulikuwa ukinipigia kelele kutoka mlangoni. Tulizungumza vizuri hivyo.

Wilf


Diss, 19 Juni

Mdogo wangu Wilf,

Sijambo. Nyonga haijambo. Nimekusikia, na sikulaumu kuhusu Mama. Mimi nilikuwa nafuma soksi nikikaa naye, na soksi hizo hakuzivaa mtu.

Chini ya dirisha langu kuna tuta la waridi. Meneja, binti mmoja mwenye haraka, amesema unaweza kupita na mashine yako mradi usikate mizizi. Nilimwuliza mara mbili, mbele ya shahidi.

Katika kopo la Clement ilibaki sarafu moja. Haimo tena. Jumapili walinitoa nje kwa kiti cha magurudumu, nami nilikuwa na kijiko cha chai mfukoni. Usitegemee kina cha kiganja, mikono yangu si ile ya mwaka jana. Nitafungua dirisha ili nikupigie kelele.

Fukia shimo. Chai ya hapa ni mbaya, lakini utainywa.

Usijibu barua hii. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako, nitajua huji.

Dada yako,
Enid